Katoka soba mnene na mzima, siku ya tatu karudi maskani: kilichomrudisha ni nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam. Nimelifupisha:

"Daktari, mdogo wangu ana miaka 27, alianza unga, yaani heroini, akiwa na 19. Mwaka huu tulichanga tukampeleka soba, nyumba ya kuwaachisha watu unga, Bagamoyo, akakaa miezi minne. Karudi kanenepa, anaswali, anacheza na watoto. Siku ya tatu akaaga anakwenda kunyoa. Hakurudi, tukamkuta maskani, kijiweni kwa watumiaji wenzake, anasinzia. Mama anasema kijana hana utashi, baba anasema asikanyage tena nyumbani. Mimi ninachojiuliza, unga si ulishatoka mwilini? Sasa kilichomrudisha ni nini? Tunaambiwa tumpeleke methadone, ile dawa ya kunywa kliniki, lakini si ni unga mwingine tu, wa serikali? Na akija kuniomba hela ya kete, nimpe ili asiibe?"

Dada yangu, pole sana, na pole kwa mama.

Uko sahihi, unga ulikuwa umeshatoka. Heroini yenyewe haidumu kwenye damu. Ndani ya dakika chache inageuka kuwa mofini, na mofini nayo figo zinaitoa ndani ya siku chache. Mdogo wako alivyopanda gari Bagamoyo kurudi nyumbani hakuwa na hata chembe. Kilichobaki ni kile ambacho ubongo wake ulijifunza kwa miaka minane, na hicho hakitoki kwa mkojo wala kwa jasho. Familia nyingi ninazokutana nazo kliniki zinaamini ugonjwa ni ile arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, kwa hiyo arosto ikiisha mtu amepona, na akirudia basi ni jeuri. Arosto ni sehemu ndogo ya ugonjwa huu. Ni ya kutisha, lakini ni ndogo.

Nianze nayo hata hivyo, maana ndiyo mnayoiona kwa macho.

Mwili wa binadamu unatengeneza kemikali zake zinazofanana na mofini. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi maalumu vinavyoshika afyuni. Miaka miwili baadaye John Hughes na Hans Kosterlitz, waliokuwa Aberdeen, Uskoti, wakazipata kemikali za mwili wenyewe ambazo vipokezi hivyo viliwekewa. Kazi yake ni kupunguza maumivu, kutuliza hofu, kupunguza mwendo wa matumbo. Unga unavikalia vipokezi hivyohivyo, kwa wingi na kwa nguvu ambayo mwili wenyewe haujawahi kuifikia.

Kwenye shina la ubongo kuna fungu dogo la seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho, inayoupa moyo mwendo, inayotushtua tukisikia kishindo. Unga unazinyamazisha seli hizo. Zikinyamazishwa kila siku nazo zinajibu: zinajiongezea nguvu ndani kwa ndani ili zisikike juu ya unga. Ndiyo maana kete moja iliyomlaza chali mwaka wa kwanza, baadaye haimfikishi popote, anahitaji tatu au nne awe tu kama wewe ulivyoamka asubuhi. Ni watu wawili wanasukumana mlangoni, mmoja kila upande. Mmoja akijitoa ghafla, mwenzake anaanguka mzimamzima. Unga ukikatika, zile seli zilizokuwa zinasukuma kwa nguvu zote hazina tena kinachozizuia.

Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho miayo inaanza, machozi na makamasi yanafuata bila mafua. Vinyweleo vinasimama, mboni za macho zinapanuka, tumbo linafunguka, mifupa inauma, miguu inajirusha yenyewe usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya wiki moja hivi yaliyo mengi yamekwisha, ingawa usingizi mbovu na ule uzito wa moyo huchukua wiki kadhaa zaidi. Mtu mzima mwenye afya nzuri kwa kawaida hafi kwa arosto ya unga, alimradi anywe maji ya kutosha kufidia anayotapika na kuharisha. Pombe ni habari nyingine. Mlevi wa miaka mingi akikatiwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa, kwa hiyo msimfungie ndani mtu wa gongo mkidhani mnamsaidia.

Kwa hiyo Bagamoyo ilifanya kazi yake. Arosto ilipita, mwili ukarudi, kijana akanenepa. Sasa tuje kwenye kile ambacho miezi minne haikukigusa.

Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, watafiti wawili, James Olds na Peter Milner, walipitisha nyaya nyembamba ndani ya ubongo wa panya, wakampa kitufe cha kujipelekea umeme mdogo. Kuna sehemu za ubongo ambazo zikiguswa, panya alibonyeza bila kuchoka, saa baada ya saa. Kutokana na majaribio ya namna hiyo likaenea neno kwamba ubongo una kituo cha raha, na baadaye kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Mpaka leo redioni wanasema hivyo. Mimi hainiridhishi, maana haielezi hata kidogo kwa nini mtu anarudi kwenye kitu ambacho kwa kinywa chake anakuambia hakimpi raha tena.

Maelezo mazuri zaidi yalitoka kwa nyani. Wolfram Schultz, mtafiti aliyekuwa Uswisi, alizisikiliza seli za dopamini za nyani huku akiwapa matone ya juisi. Juisi ikija bila kutarajiwa, seli zililia kwa nguvu. Akaanza kuwasha taa kabla ya juisi. Baada ya siku kadhaa seli zikawa zinalia taa inapowaka, na juisi yenyewe ilipofika zikanyamaza. Taa ikiwaka na juisi isije, zikashuka chini ya kiwango cha kawaida. Maana yake ni kwamba dopamini inafundisha. Inauambia ubongo: hiki ni bora kuliko ulivyotarajia, shika sana kilichokitangulia, wakati mwingine kifuate. Kwa chakula, kwa mapenzi, kwa kusifiwa na bosi, somo hilo hufika mwisho. Ukishazoea pilau ya mama, ubongo umeshajua inavyokuwa na hauna jipya la kujifunza.

Unga hauna mwisho huo. Unaingia kwa njia ya kemikali: unazizuia zile seli ambazo kazi yake ni kuzituliza seli za dopamini, na dopamini inamwagika iwe ilitarajiwa au la. Kila kete inakuja na ujumbe uleule kwamba hii ni bora kuliko ulivyofikiri. Tukadirie mdogo wako alitumia kete tatu tu kwa siku kwa miaka minane, ni zaidi ya mara elfu nane kusomeshwa somo lilelile kama vile ndiyo siku ya kwanza. Hakuna shule, hakuna madrasa, iliyomfundisha kitu kwa msisitizo wa namna hiyo.

Wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Terry Robinson na Kent Berridge, waliandika mwaka 1993 kwamba kutaka kitu na kufurahia kitu vina njia mbili tofauti ubongoni, na kwamba dawa za kulevya zinainenepesha ile ya kutaka huku ile ya kufurahia inabaki palepale au inapungua. Wagonjwa wangu hawajasoma karatasi hiyo lakini wanaisema wenyewe: "Dokta, stimu siipati tena, ila siwezi kukaa." Msidhani wanawadanganya.

Niseme kidogo kuhusu kasi, kwa sababu watu wananiuliza kwa nini mzee anaweza kutafuna mirungi miaka thelathini akabaki na duka lake, wakati kijana wa unga anauza mpaka bati la nyumba. Mirungi nayo inachochea dopamini na ina madhara yake, ila majani yanatafunwa taratibu na dawa inapanda kwa saa nzima au zaidi. Moshi wa unga unafika ubongoni ndani ya sekunde, na sindano hali kadhalika. Kadiri dawa inavyopanda haraka ndivyo ubongo unavyoliunganisha tendo na matokeo kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu sigara inafunga mtu na kiraka cha nikotini cha kubandika begani hakimfungi, ingawa nikotini ni ileile. Pwani yetu ililiona hili kwa macho. Unga uliofika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam miaka ya 1980 ulikuwa wa kahawia, wengi wakauvuta, aghalabu kwenye kokteli pamoja na tumbaku na bhangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe unaoyeyuka kirahisi kwenye maji. Bomba la sindano likaingia maskani, na ukimwi na homa ya ini vikaingia nalo.

Sasa turudi kwenye ile siku ya tatu.

Aliaga anakwenda kunyoa. Mimi naamini alikuwa anakwenda kunyoa kweli. Lakini kinyozi yuko mtaa uleule, pengine kwenye njia ileile, na njiani kuna taa za Schultz kila hatua: kona ya pusha, mlio wa kiberiti, karatasi ya sigara yenye nailoni ya kung'aa, mwana aliyekuwa anachangia naye kete anamwita kwa jina la kijiweni. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka gerezani, mwaka mzima hajagusa unga, alinisimulia kwamba alikuwa mzima ndani ya daladala mpaka konda alipotaja kituo chake. Hapohapo miayo ikamwanza, macho yakatoa machozi, tumbo likavuruga. Arosto kamili, bila unga mwilini kwa mwaka. Alidhani amerogwa. Jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1940, pale Abraham Wikler, daktari kwenye hospitali ya waraibu huko Lexington, Kentucky, alipoona wagonjwa wake walioacha siku nyingi wanaanza kupiga miayo na kutokwa machozi kwa kuzungumzia unga tu kikaoni. Ubongo ukiona dalili za unga unajiandaa kuupokea, unasukuma mlango mapema. Unga usipokuja, kujiandaa kwenyewe ndiyo arosto.

Bagamoyo taa hizo hazikuwepo. Ndiyo maana alikuwa mzima, na hakuwa anawaigizia.

Kuna kisa cha kinyume chake. Vita vya Vietnam vilipokuwa vinaelekea ukingoni, heroini ilikuwa rahisi na safi kule, na askari wa Marekani waliitumia sana. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia walioondoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba akiwa kule alikuwa mraibu. Serikali ikajiandaa kwa balaa. Lakini katika hao waliokuwa waraibu, ni kama asilimia 5 tu waliorudia uraibu mwaka wa kwanza nyumbani. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: kwao vita vilikwisha, bei ilipanda, ndugu waliwapokea. Kubwa kwangu ni kwamba walitumia kwenye nchi moja wakarudi kuishi kwenye nyingine. Mdogo wako alitibiwa kwenye mji mmoja akarudishwa kuishi kwenye ule aliougulia.

Mama anasema hana utashi. Sitaki kubishana na mama, ila utashi nao una mahali pake pa kukaa. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima kesho dhidi ya leo na kusema hapana. Sehemu hiyo haikamiliki mpaka mtu amepita miaka ishirini na kidogo, na mdogo wako alianza na 19. Picha za ubongo za watu wenye uraibu, kazi ambayo Nora Volkow na wenzake wa Marekani wameifanya kwa miaka mingi, zinaonyesha vipokezi vya dopamini vimepungua na sehemu hiyo ya mbele inafanya kazi kwa ulegevu, na hali hiyo huendelea miezi mingi baada ya kuacha. Haina maana kwamba haamui kitu chochote. Anaamua. Aliamua kukaa miezi minne bila kutoroka, na wengi hutoroka. Lakini utashi huo unachoka akilala vibaya, akigombezwa, akikaa na njaa, akikosa cha kufanya mchana kutwa. Baba akimfukuza, atalala wapi? Maskani, palipo na taa zote.

Na sina ugomvi na swala wala dua, vinampa mtu ratiba na watu wa kukaa nao. Nina ugomvi na minyororo. Wapo wanaofunga vijana kwa mnyororo nyumbani au kwa mganga mpaka arosto ipite, na wakipita salama wanaambiwa wamepona.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wanapokufa.

Ule usukumaji wa mlango niliouelezea unajirudi wakati mtu hatumii. Baada ya miezi minne mwili wa mdogo wako hauvumilii tena kiasi alichokuwa akitumia, ila kichwa chake kinakumbuka kipimo cha zamani. Unga unazipunguzia kasi seli za shina la ubongo zinazoamrisha pumzi. Aliyezoea anapumua juu yake, aliyepumzika anaacha kupumua. Siku za kwanza baada ya kutoka soba, gerezani, au baada ya kufunga mwezi mzima wa Ramadhani na kurudia Idi, ndizo hatari kuliko zote. Hata mahali pana uzito wake. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake huko Kanada walichapisha matokeo ya panya waliozoeshwa heroini, kisha wakapewa kipimo kikubwa. Waliopewa kwenye chumba walichokizoea walikufa asilimia 32, waliopewa chumba kigeni asilimia 64, na ambao hawakuwahi kuzoeshwa wakafa asilimia 96. Kile kujiandaa kwa ubongo kinakinga kidogo, na mahali pageni hakiji.

Mkimkuta amelala haamki hata akifinywa kwa nguvu, anakoroma kwa kukwama au pumzi zimeachana sana, angalieni midomo, fizi na kucha kama zimepauka kijivu, mboni za macho kama zimekuwa nukta. Maziwa hayasaidii, maji ya chumvi hayasaidii, kumwagia ndoo ya maji kunapoteza dakika. Kama hapumui au pumzi ni za mbalimbali, inueni kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano huku mwingine anatafuta gari. Akianza kupumua mwenyewe mlazeni ubavu. Hospitali kuna naloksoni, dawa inayouondoa unga kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Ataamka na arosto na hasira, pengine atataka kuondoka hapohapo. Msimwachie, maana naloksoni inaisha mapema kuliko unga na anaweza kuzama tena.

Methadone sasa. Unasema ni unga wa serikali, na wanaosema hivyo ni wengi, baadhi yao wakiwa wahudumu wa afya. Ni kweli inakalia vipokezi vilevile, na aliyeizoea akiiacha ghafla ataumwa. Sitakuficha hilo. Tofauti ni ile kasi. Inanywewa, inapanda kwa saa kadhaa, inakaa zaidi ya siku nzima. Hakuna ile ngurumo ya sekunde chache inayoufundisha ubongo, na hakuna ule mporomoko wa kila saa sita unaomtoa mtu mbio kutafuta hela. Kwenye kipimo sahihi mtu halewi wala haumwi, na hata akijaribu unga juu yake hausikii sana kwa sababu vipokezi vimeshakaliwa. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia hivi New York katikati ya miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Vifo vya watu wa unga hupungua kwa zaidi ya nusu wakiwa kwenye dawa hiyo. Muhimbili ilianza Februari 2011, Kenya ikafuata kwenye hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Zanzibar nayo ina huduma hiyo.

Ukienda asubuhi utaona inavyokuwa. Foleni dirishani, mtu anatambuliwa kwa kitambulisho chake, mfamasia anampima machoni kama amelewa, anapima dawa ya maji kwa mililita, mtu anakunywa palepale, anafuatishia maji na kutamka neno ili ijulikane amemeza. Anaondoka. Wengine wanakwenda kazini, wanaendesha bodaboda, wanauza samaki. Kero yake ni hiyo ya kila siku: nauli, na muda. Wengi wanaoacha methadone mapema wanashindwa na nauli kuliko wanavyoshindwa na unga.

Inadumu muda gani? Miaka, kwa wengi. Najua si jibu mlilotaka. Mwenye kisukari naye hatumii insulini miezi minne akaaga. Anayetaka kushuka anashushwa taratibu kwa miezi, akiwa na pa kulala na cha kufanya, na tusimharakishe kwa sababu ya aibu ya majirani. Wiki za mwanzo dawa inajilimbikiza mwilini, kwa hiyo kipimo kinaanza kidogo na kupanda kidogokidogo. Atalalamika kwamba haimtoshi, na kwa siku hizo atakuwa anasema kweli. Asiongezee unga, pombe wala valium, mchanganyiko huo unazima pumzi. Na kama ana kifua kikuu aseme mapema. Rifampisini inalifanya ini liichome methadone haraka, na mtu aliyekuwa ametulia anaanza kupiga miayo mchana. Hapo familia inadhani amerudia unga, kumbe anatakiwa kuongezewa kipimo.

Hela ya kete usimpe. Wala usidhani ukimnyima ataacha, ataitafuta kwingine. Mpe chakula, mpe nauli ya kwenda kliniki, na ikibidi umpeleke mwenyewe na kulipa konda kwa mkono wako. Funga vinavyoibika bila kumtukana. Kwa baba ningeomba jambo moja tu: kama nyumbani hapatoshi, atafutiwe kwa ndugu wa mtaa mwingine, mbali na ile kona, hata kwa miezi michache ya kwanza.

Kutoka Mbagala kliniki iliyo karibu nanyi ni ya Hospitali ya Temeke, na huduma hailipiwi. Mkitaka maelekezo kwanza, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, na kwa walio Kenya ni 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Mwende naye asubuhi, akiwa ameanza kupiga miayo lakini hajalewa, maana aliyelewa hapewi dozi. Mwambie daktari alikuwa soba miezi minne na ametumia siku ngapi tangu arudi. Kipimo cha kwanza kinategemea hilo.